Askari wa akiba na ulinzi wa anga: uwape ndege, uwaite vitani, uwape bunduki ya pikapu au uwape darubini? Njia nne kwa vipimo vilevile

Wakuu, hii ilianzia kijiweni Majengo, hapa Dodoma, jioni, kwenye kahawa na kashata. Dogo mmoja wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) alikuja na mada ya mdahalo wao, "askari wa akiba wafanye kazi gani kwenye ulinzi wa anga wa nchi", akaomba msaada na badala ya msaada akapata ugomvi. Mmoja kasema akiba ni watu wa kulinda maghala basi. Mwingine kasema Ukraine isingefika popote bila akiba. Fundi baiskeli wetu akauliza mgambo na anga wapi na wapi, mgambo si wale wanaokimbizana na machinga na kubeba meza za nyanya za kina mama? Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tuwekane sawa kwanza hapo. Mgambo wa jiji ni mtu wa halmashauri. Jeshi la Akiba, lile lenye Mshauri wa Mgambo wilayani, ni sehemu ya ulinzi wa nchi na lina historia yake ambayo nitaigusa mbele. Jina moja, shughuli mbili.

Nilimwambia dogo anipe siku mbili nimwandikie, halafu nikaona bora niandike kwa wote, maana niligundua tulikuwa tunabishana huku kila mtu ana nchi yake kichwani. Kulinda anga sio kazi moja. Kuna anayeona, kuna anayetambua hiki kitu ni cha nani, kuna anayeamua, halafu ndo anakuja anayepiga. Tukisikia ulinzi wa anga akili zetu zinakimbilia kwa huyo wa mwisho, kombora linaruka, moshi, makofi. Nchi zenye akiba zimewapanga kwenye sehemu tofauti za huo mstari, na ukilinganisha bila kusema unaongelea sehemu gani utabishana mpaka asubuhi.

VIPIMO KWANZA

Nimetumia vitano, vilevile kwa kila njia, nikavipa majina mafupi.

Dakika. Kutoka Dar kuja Dodoma kwa hewani ni kama kilomita 400. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 900 kwa saa inaumaliza huo umbali chini ya nusu saa. Droni ya Shahed wanayorushiwa Ukraine ni ya taratibu, kama kilomita 185 kwa saa, ila hata hiyo inakula kilomita tatu kila dakika, kwa hiyo kutoka Mtumba kwenye wizara mpaka Nyerere Square ni dakika tano sita hivi, hapo wewe wa daladala hujafika hata nusu ya njia. Swali ni je, king'ora kikilia huyu mtu wa akiba yuko wapi, kitandani, shambani, au ameshakaa kwenye kiti?

Mkono. Ujuzi unashika kutu. Mimi nilipita JKT mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, mchakamchaka bado naweza na nyimbo zote nazikumbuka, lakini leo ukinipa SMG niifungue na kuifunga kama tulivyofundishwa nitabaki na vyuma viwili mkononi sijui vinaingia wapi. Na hiyo ni bunduki tu, sasa fikiria mtambo wa rada.

Jicho. Yaani kutambua adui na rafiki, na nani anatoa ruhusa ya kupiga. Hapa ndipo watu wanapofia. Januari 8, 2020 walinzi wa anga wa Iran waliitungua ndege ya abiria ya Ukraine ikitoka tu Tehran, watu 176 wakafa wote, na wale waliobonyeza hawakuwa akiba, walikuwa wanajeshi wa kazi waliokaa usiku kucha wakisubiri shambulio. Sisi wenyewe vita ya Kagera inaanza, mwishoni mwa 1978, ndege zetu zilitunguliwa kwa makosa na walinzi wetu upande wa Musoma. Kwa hiyo kipimo hiki nakipa uzito kuliko vingine na sifichi.

Mfuko. Kombora moja la kutungulia la Patriot, la Kimarekani, la aina mpya ni kama dola milioni nne. Shahed inakadiriwa dola 20,000 mpaka 50,000. Ukimpiga nzi kwa nyundo ya dhahabu nzi amekufa lakini na wewe umefilisika.

Maisha. Askari wa akiba ni mwalimu, ni bodaboda, ni mkulima wa alizeti Kongwa. Akiitwa nani anabaki na darasa, na nani anavuna?

NJIA YA KWANZA: AKIBA NDANI YA NDEGE NA KWENYE MAKOMBORA MAKUBWA

Mfano ni Marekani. Wengi tunadhani ndege za kivita zinazolinda anga la kwao nyumbani ni za jeshi la kudumu, kumbe sehemu kubwa ya hiyo kazi wanaifanya National Guard tawi la anga, vikosi vya akiba vya majimbo. Siku ya Septemba 11, 2001, watekaji walipozigongesha ndege za abiria kwenye majengo, Marekani bara yote ilikuwa na vituo saba tu vya tahadhari, yaani vya ndege zinazokaa tayari kupaa, mbili mbili, jumla kumi na nne.

Dakika: F-15 mbili za National Guard ya Massachusetts zilipewa amri saa 2:46 asubuhi, saa 2:53 zilikuwa hewani. Dakika saba, huwezi kumlaumu mtu hapo. Ila ndege ya kwanza ilishaingia kwenye jengo saa 2:46 hiyohiyo, na ya pili ikaingia saa 3:03 kabla hawajafika New York. Akiba hawakuchelewa, taarifa ndo ilichelewa, na mfumo mzima ulikuwa umezoea kutazama nje ya mipaka wakati hatari ilipaa kutoka viwanja vya ndani. Huko Washington ilikuwa ngumu zaidi, kikosi cha National Guard cha pale Andrews hakikuwa kwenye zamu ya tahadhari kabisa, F-16 zao hazina kombora hata moja, na Luteni Heather Penney na bosi wake Marc Sasseville wakapaa hivyohivyo, mpango ukiwa ni kuigonga ndege ya abiria kwa ndege zao wenyewe. Haikufika huko. Abiria wa ile ndege walikuwa wameshapambana na watekaji, ikaanguka Pennsylvania saa 4:03.

Mkono: mzuri sana, maana wengi wa hawa marubani walishatumikia jeshi la kudumu, wakahamia mashirika ya ndege, na huku wanaendelea kuruka na kikosi. Sio watu wa kufundishwa wiki mbili. Uingereza nao walikuwa na hii kitu, Oktoba 16, 1939 vikosi viwili vya akiba, cha Glasgow na cha Edinburgh, marubani wa wikiendi kabisa, ndo vilitungua ndege za kwanza za Wajerumani juu ya Uingereza kwenye ile vita. Lakini 1957 vikosi vya kuruka vya akiba vikafungwa, jeti zilishakuwa ghali na ngumu kuliko mtu wa wikiendi anavyoweza kumudu.

Jicho: rubani anaweza kusogea na kuangalia kwa macho yake, na amri ina mlango mmoja. Hii ni nguvu kubwa.

Mfuko: unaokoa mishahara tu. Ndege ni ileile, mafuta ni yaleyale, kombora ni lilelile.

Maisha: neno "akiba" linaanza kudanganya hapa. Kule Fort Greely, Alaska, makombora ya kuzuia makombora ya masafa marefu yanakaliwa na askari wa National Guard, lakini wengi wapo kazini muda wote, usiku na mchana. Ni akiba kwa jina na kwa mkataba. Kwa zamu ni jeshi.

Inamfaa nani? Nchi yenye mashirika makubwa ya ndege, marubani wa zamani wa jeshi wa kutosha, na bajeti isiyoyumba kila Juni. Kama huna ndege za kutosha kwa marubani ulionao tayari, hii unaiangalia kama unavyoangalia V8 ya mbunge.

NJIA YA PILI: WOTE WAMEPITA JESHINI, WANAITWA

Finland ina watu milioni tano na nusu hivi, haifiki hata mara mbili ya mkoa wetu wa Dodoma kwa sensa ya 2022, lakini jeshi lake la vita linahesabiwa watu 280,000, karibu wote akiba. Kijana anaingia siku 165, 255 au 347 kutegemea kazi aliyopangiwa, anatoka, na kuanzia hapo nafasi yake inajulikana, ikiwemo kwenye vikosi vya mizinga na makombora ya kutungulia ndege. Israel na Uswisi wako kwenye ukoo huohuo, kila mmoja kwa mtindo wake.

Dakika: udhaifu wa ukoo huu ni kwamba akiba wanajaza jeshi baada ya hatari kuonekana. Ukipata wiki moja ya dalili uko vizuri sana. Ukipata dakika kumi unategemea wale wachache wa zamu, na kama zamu haipo, haipo. Stori ya Uswisi inatuhusu kwa sababu ndege ilikuwa ya majirani. Februari 17, 2014 msaidizi wa rubani wa Ethiopian Airlines, safari ya Addis kwenda Roma, alimfungia kapteni nje alipoenda chooni, akaipeleka ndege Geneva. Ikatua kama saa 12 asubuhi. Waliomsindikiza njiani ni Waitaliano na Wafaransa. Uswisi wenyewe hawakupaa, kwa sababu jeshi lao la anga wakati huo lilikuwa linafanya kazi saa za ofisi, kuanzia saa 2 asubuhi, na mapumziko ya mchana juu. Sio mzaha, ndo ilivyokuwa. Tahadhari ya saa 24 walikuja kuikamilisha mwisho wa 2020. Ishu haikuwa akiba, ilikuwa watu na bajeti ya zamu, lakini inakuonyesha nchi inaweza kuwa na raia waliofundishwa mpaka mlangoni na usiku anga likalala.

Mkono: unategemea marudio. Miezi sita mpaka mwaka inatosha kumfanya mtu ajue mtambo mmoja vizuri, sio mitatu. Na lazima umuite tena mazoezini, na mtambo usibadilike kila baada ya miaka miwili, maana ukibadilisha mtambo umefuta kichwa cha watu elfu kumi kwa siku moja.

Jicho: zuri, kwa vile wanaingia kwenye mfumo uliopo wenye rada na makamanda wa kudumu. Mtu wa akiba anakaa kwenye kiti kilichoandaliwa.

Mfuko: kwa mtu mmoja mmoja ni nafuu, kwa taifa ni mzigo. Unalisha, unavalisha na unalaza vijana wa mwaka mzima, kila mwaka.

Maisha: hapa pana mambo. Sheria lazima imlinde mtu kazi yake, la sivyo mwajiri atakuwa anaajiri wanaokwepa. Na raia anakuja na mawazo yake ya uraiani. Julai 2023 Israel, zaidi ya watu elfu moja wa akiba wa jeshi la anga, marubani wakiwemo, walisaini barua kwamba wataacha kujitolea kwa sababu ya mgogoro wa mageuzi ya mahakama. Miezi mitatu baadaye ikaja Oktoba 7, shambulio la Hamas, na akiba wakaitwa kwa mamia ya maelfu. Mmoja atakwambia hiyo barua ni hatari, mwingine atakwambia ni breki nzuri kwa wanasiasa. Mimi nasema tu iweke kwenye hesabu, mtu wa akiba ana kura, na anaipiga kwa njia nyingi.

Inamfaa nani? Nchi ndogo yenye jirani mkubwa anayejulikana, ambayo watu wake wamekubaliana kwamba kila mtu atapita. Bila hayo makubaliano inageuka kuwa adhabu ya watoto wa maskini.

NJIA YA TATU: PIKAPU, BUNDUKI YA MASHINE NA TAA

Hii ndo dogo wa UDOM alikuja nayo akiwa na video kwenye simu. Shahed zilipoanza kuingia Ukraine Septemba 2022, ilionekana haraka kwamba kutumia makombora ya mamilioni kwa kila droni ni kujinyonga, wakaunda vikosi vya kuzunguka. Pikapu, bunduki nzito nyuma (mpaka Maxim, ya mtindo wa 1910, babu kabisa, ilitolewa stoo ikafungwa mbili mbili), taa kubwa, darubini ya kuona joto usiku, na tableti inayoonyesha droni inatokea wapi. Vingi vinakaliwa na Ulinzi wa Maeneo (akiba wao wa kulinda maeneo ya kwao) na watu wa kujitolea, mchana mtu yuko kwenye kazi yake, usiku yuko zamu. Kuna mpaka jaji wa Mahakama ya Juu.

Dakika: nzuri kama tayari wako barabarani. Ndo maana wanapanga zamu za usiku kabisa. Ukimpigia mtu simu saa 8 usiku avae, awashe gari, apite Kizota kwenye vumbi mpaka kwenye kilima chake, droni imeshapita na imeshalipuka.

Mkono: hapa njia hii inang'aa. Bunduki ya mashine inafundishika. Sio rahisi kama kwenye video, kupiga kitu kinachotembea hewani gizani lazima upige mbele yake, lakini mtu mzima mwenye akili anaweza kufika kiwango kwa wiki kadhaa na akakibakiza kwa mazoezi ya mara kwa mara.

Jicho: wasiwasi wangu wote uko hapa. Vikosi vingi, vidogo, usiku, kila kimoja na kidole kwenye kifyatulio. Ukraine wamefunga anga lao kwa ndege za kiraia tangu siku ya kwanza ya uvamizi, Februari 24, 2022, kwa hiyo kitu kinacholia juu usiku ni cha jeshi, chao au cha adui. Wewe weka mfumo huo kwenye nchi ambayo ATCL inatua jioni, ndege ndogo za watalii zinapita, na kuna mtu anapiga harusi kwa droni ya kamera. Bila tableti ile na mtu mmoja wa kusema "piga" au "acha", ni hatari kwetu kuliko kwa adui. Halafu risasi inayopanda lazima ishuke. Juu ya mashamba sawa, juu ya Area C je?

Mfuko: ndo njia nafuu kuliko zote kwa upande wa kupiga. Lakini ina mwisho wake. Mwaka 2025 Warusi walianza kuzipandisha Shahed kilomita mbili tatu juu, bunduki nyingi hazifiki huko, na Ukraine wakalazimika kuongeza droni za kukimbiza droni. Kwa jeti na makombora ya masafa marefu pikapu haina la kusema tangu mwanzo.

Maisha: inachosha. Usiku zamu, asubuhi ofisini, mwezi wa kwanza uzalendo unakubeba, mwaka wa tatu unasinzia kwenye usukani.

Inamfaa nani? Anayeshambuliwa sasa hivi, na vitu vya chini na vya taratibu, kwenye nchi pana yenye nafasi ya kupiga nje ya miji.

NJIA YA NNE: MACHO NA MASIKIO

Hii kijiweni hakuna aliyeitaja, na mimi ndo imenikaa zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Vita ya Uingereza ya anga mwaka 1940 watu wanaisimulia kwa ndege za Spitfire na rada. Rada zao zilikuwa zimepangwa pwani zikitazama baharini. Adui akishavuka pwani rada haimuoni tena. Kuanzia hapo aliyekuwa anamfuata ni walimu, wakulima, wenye maduka, watu kama 30,000 kwenye vituo kama elfu moja, wana darubini, simu ya waya, na kifaa cha kupimia mwelekeo na kimo. Waliitwa Observer Corps, wakaongezewa neno la kifalme, Royal, Aprili 1941 kwa kazi hiyo. Rubani shujaa aliyepaa alipaa kwa sababu mwenye duka fulani alinyanyua simu.

Dakika: haina mpinzani, kwa sababu mtu hahitaji kufika popote. Yuko pale anapoishi. Ukraine wamelirudisha wazo hili kwa simu: tangu Oktoba 2022 wana programu inaitwa ePPO, raia akiona au kusikia kombora au droni anaelekeza simu upande ule, anabonyeza, taarifa inakwenda kwa walinzi wa anga. Lazima ujithibitishe kwa utambulisho wa serikali kwanza, mtu wa fujo hapati nafasi. Na juu ya hapo wametandaza maikrofoni kwa maelfu kwenye nguzo, kila moja inakadiriwa dola 400 mpaka 500, zinasikiliza mlio wa injini na kuifuata droni kijiji kwa kijiji.

Mkono: kutambua ndege kwa umbo na kwa sauti kunafundishika jioni, kanisani, shuleni, popote, na ni ujuzi ambao watu huwa wanaupenda mpaka wanashindana. Unajua wale vijana wanaojua kila basi kwa honi yake kabla halijafika stendi? Hao hao.

Jicho: ndo kazi yenyewe. Mwaka 1944, siku ya kuvuka kwenda Normandy, karibu 800 wa hawa watazamaji wa kujitolea walipandishwa kwenye meli za mizigo zilizofungwa mizinga, kazi yao kuwaambia wapiga mizinga "huyu wetu, mwache". Yaani akiba waliwekwa wazuie kupiga. Sijaona mfano mzuri kuliko huo kwa mdahalo wako dogo.

Mfuko: mdogo. Shida ni kwamba kitu kidogo cha bei hakina wakandarasi wa kukitetea bungeni. Sisi rada tunaijua kwa neno "chenji ya rada", ile ya pauni milioni 28 ambayo mwishowe hela za kutoka Uingereza zikaja kununua vitabu vya shule, kwa hiyo Mtanzania ukimwambia ulinzi wa anga wa simu na darubini ataona unamtania.

Maisha: haimtoi mtu kazini, na kwa miaka mingi hakuna kinachotokea. Hapo ndo ugumu ulipo. Wale Waingereza walibadilishiwa kazi mara kadhaa, mwishowe wengi wakaagwa 1991. Kumfanya mtu aangalie mbingu tupu kwa miaka thelathini ni kazi ya uongozi kuliko ya teknolojia.

Na udhaifu mkubwa usifichwe: jicho halipigi. Ukiwa na macho elfu kumi na huna wa kumtuma, umejua tu utakufa saa ngapi. Usiku wa mawingu jicho linafeli, na juu sana linafeli. Ni nyongeza ya rada.

Inamfaa nani? Nchi kubwa, watu wametawanyika, mtandao wa simu upo, rada chache, na kuna kikosi hata kidogo cha kudumu cha kupokea taarifa na kuzifanyia kazi.

NA SISI JE

Kijiweni tuna mzee mmoja aliyekwenda Kagera. Nilimsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuuliza mgambo wa wakati ule walikuwa wanafanya nini ndege zikija. Akasema: "Kulala chini na kumwomba Mungu, halafu kumwambia aliye nyuma yako."

Jeshi lilipanuka mara kadhaa kwa miezi michache kati ya 1978 na 1979, na makumi ya maelfu ya walioongezeka walikuwa wanamgambo. Walitembea kwa miguu mpaka Kampala. Kwa ardhini akiba ya Tanzania imeshathibitishwa. Angani ni hadithi nyingine: ndege za Amin zilipiga Kagera, na 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitumwa Mwanza, ikakosea, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane yakaua wanyama. Tuliponea kwa shabaha mbovu ya mwenzetu.

Ile sentensi ya mzee, "kumwambia aliye nyuma yako", ndo njia ya nne nzima kwa maneno manne.

UKIWA HIVI, ANZIA HAPA

Kama hofu yako ni ndege moja ya abiria iliyotekwa, wakati wa amani, saa yoyote: njia ya kwanza, au jeshi la kudumu lenyewe, na cha maana ni zamu ya saa 24 kuliko cheo cha aliye kwenye zamu. Kumbuka Geneva saa 12 asubuhi. Pikapu hapa iache kabisa.

Kama una jirani mwenye jeshi kubwa na vita vikija vitakuja na dalili za wiki kadhaa: njia ya pili, ila anza na sheria ya ajira kabla ya kununua mtambo, na chagua mtambo mmoja ukae nao.

Kama droni za bei rahisi zinaingia usiku huu: njia ya tatu pamoja na ya nne. Ya tatu peke yake, bila wa kuona na bila wa kusema acha, mimi siiungi mkono hata kwa kahawa ya bure.

Kama una amani, bajeti ndogo, eneo kama la kwetu ambalo ukitoka mjini ni nyika mpaka Manyoni: ya nne ndo pa kuanzia, lakini tenga kwanza watu wa kudumu wa kupokea simu. Ukianza na wapigaji simu bila wapokeaji, mwezi wa pili hakuna atakayepiga.

Kama wewe ni kijana unafikiria ujiunge wapi: mwenye macho mazuri na subira atafaa kwenye kutazama, mwenye mikono ya ufundi kwenye mitambo, na mwenye ndoto ya kuruka asidhani akiba ni njia ya mkato, kote nilikoangalia rubani wa akiba alikuwa rubani kwanza.

Na kama wewe ni dogo wa UDOM na umepewa upande wa kupinga, usiseme akiba hawafai, utapigwa na Massachusetts dakika ya kwanza. Sema hawafai kwenye kiti gani, halafu waulize wenzako nani anatoa ruhusa ya kupiga. Mzee yupo kijiweni kila siku mpaka saa moja usiku, nenda na kahawa yake, ila ufike mapema maana kashata zinaisha.